Sahani Hairudi Tupu

Usiku wa tatu tangu mtaa wetu ufungwe, nilimwaga futari ya jirani.

Zilikuwa tambi za sukari, zimekaangwa zikapata rangi kisha zikaivishwa kwa tui zito, zina iliki na zabibu, na bado zilikuwa na moto chini ya kawa. Nilimngoja mamangu aingie kusali, nikazifunga ndani ya gazeti, nikashuka ngazi miguu mitupu hadi kwenye pipa lililo pembeni mwa kichochoro. Niliporudi juu niliiosha ile sahani kwa sabuni mara tatu, nikaisuuza kwa maji ya kununua, nikaipanga kabatini pamoja na zetu. Mama alipotoa salamu akauliza tambi zilikuwaje. Nikamwambia zilikuwa tamu mno, nimezimaliza peke yangu. Akacheka, akasema ulafi wangu wa utotoni haujaniacha. Ilikuwa Ramadhani, na mdomo uliosema uongo ule ulikuwa bado una ladha ya tende.

Kwetu Mji wa Kale wa Mombasa, sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na tambi, itarudi na katlesi. Ikija na mbaazi, itarudi na vibibi. Siku ambayo nyumbani hamna kitu, utatia ndimu mbili, au utaweka kikuba cha asumini, lakini ukiirudisha nyeupe umemwambia mwenzio kwamba mambo yenu yameishia hapo. Kwa hiyo sahani ile ilinitia mtegoni. Siwezi kuirudisha tupu, na siwezi kutia kitu nikaenda kugonga mlango wa mtu niliyekwisha kumhukumu kuwa ni mgonjwa. Ikabaki kabatini. Ilikuwa ya kauri nyeupe, ina ua la buluu katikati na pengo dogo ukingoni, na kila nilipofungua kabati ilikuwa kama inanitazama.

Mwenye sahani tulimwita Bi Mbele tangu utotoni, kwa kuwa nyumba yake inatazamana na yetu. Kati ya dirisha lake na letu pana nafasi ambayo mwenye mkono mrefu anaweza kumpa mwenziwe chumvi. Alasiri ya siku ile nilikuwa nimemsikia akikohoa. Mara mbili tu. Kwangu ilitosha.

Ningekuwa mtu asiyejua ningejisamehe mapema. Lakini mimi ni mwalimu. Nilikuwa nikifundisha sayansi darasa la sita katika shule moja ya binafsi, na wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa niliwapanga watoto mbele ya ndoo ya maji nikawaeleza kwa nini sabuni inashinda kirusi cha korona: kwamba kirusi hiki kimejifunika ngozi ya mafuta, na sabuni huivunja ngozi hiyo kama inavyovunja mafuta ya samaki kwenye sufuria. Niliwaambia kwamba ugonjwa unapita kwa pumzi, mate na mikono. Niliwauliza maswali, wakajibu vizuri. Miezi miwili baadaye mwalimu wao alikuwa anashuka ngazi gizani na tambi ndani ya gazeti.

Mambo yalikuwa yamekuja kwa haraka. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020. Jumatatu yake shule zikafungwa, na haikuchukua muda ujumbe ukaingia kwenye simu zetu walimu kwamba mishahara imesimama hadi hali itakapotengemaa. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyo hiyo ya kwanza, watu waliokuwa wakikimbilia feri pale Likoni wafike makwao kabla ya saa, walirushiwa gesi ya kutoa machozi, wakabanana na kukanyagana. Amri iliyowekwa ili watu wasisongamane ikawasonga kuliko siku yoyote. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa mipaka. Kila alasiri tulimsikiliza Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akisoma hesabu za siku, na sisi tukizisikiliza kama watu wanaosikiliza matokeo ya mtihani wa mtoto wao.

Tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa imeingia kumi la pili, hesabu zikatufikia mlangoni. Mji wa Kale hapa kwetu na Eastleigh kule Nairobi zikatangazwa kuwa hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15, kuanzia saa moja ya jioni ile ile. Masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa. Vizuizi vikawekwa kwenye njia za kuingilia mtaani. Waliokuwa na vibarua Tudor, Kongowea au bandarini walilala na kazi wakaamka bila kazi, si kwa kufutwa, bali kwa sababu barabara ya kuwafikisha ilikuwa imezibwa.

Tuliambiwa tukae nyumbani. Hakuna aliyetuuliza nyumba yetu inaishia wapi.

Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe na boriti za mikoko, na tangu enzi za wazee upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Kuta ni nene, madirisha ni machache, na ndani ya nyumba moja unaweza kukuta jamaa tatu, kila moja na ghorofa yake, na ngazi moja ya kupandia wote. Hewa iko nje, barazani. Kile kibaraza cha mawe kilicho ubavuni mwa mlango si pambo. Ni chumba cha wageni cha nyumba nzima. Hapo hunywewa kahawa, hapo hupatanishwa waliogombana, hapo mchumba huulizwa ukoo wake kabla hajapandishwa ngazi. Ukimwambia mzee wa Kibokoni, humu humu Mji wa Kale, akae nyumbani, atatoka akae barazani, na kwa akili yake ametii amri. Askari wakipita wazee wakiingia. Askari wakishapita wazee wakitoka. Wala haukuwa ukaidi. Ndani kulikuwa na joto, watoto tisa na televisheni moja.

Maji nayo yalikuwa kichekesho. Kila tangazo lilisema tunawe mikono kila mara kwa maji yanayotiririka. Mombasa hutegemea maji yanayotoka mbali, mengine kwenye chemchemi za Mzima huko Tsavo, na mfereji wa kwetu hutoa maji kwa zamu, siku nyingine hutoa upepo. Sisi hununua mitungi ya lita 20 kwa wasukuma mikokoteni. Mtaa ulipofungwa mikokoteni ikapungua, na mtungi ukapanda bei. Nilimwona mamangu, mwanamke mwenye kutawadha mara tano kwa siku maisha yake yote, akipima maji ya udhu kwa kikombe cha chai.

Mama ndiye aliyekuwa akitulisha wakati huo. Kwa miaka mingi ana meza yake chini ya nyumba: asubuhi mahamri na mbaazi, na mwezi wa Ramadhani viazi karai, bajia na kaimati kuanzia alasiri. Wateja wake wengi walitoka nje ya Mji wa Kale. Kuna waliokuwa wakivuka kutoka Nyali kwa ajili ya kaimati zake tu. Katika Ramadhani ya kawaida alikuwa akikanda kilo kumi za unga kwa siku. Wiki ile ya kwanza alishuka hadi kilo mbili, na usiku alihesabu kaimati zilizobaki kama mtu anayehesabu madeni. Kakangu anayefanya kazi Oman hakuweza kusaidia. Naye alikuwa amefungiwa Matrah, mji wa soko na bandari kama wetu, uliokuwa umezungushiwa vizuizi tangu mwanzoni mwa Aprili. Alitupigia simu tukaonyeshana vichochoro vyetu vitupu, chake na chetu, na kama si lugha ya vibao vya maduka usingejua kipi ni kipi.

Kapu ndilo lililomwokoa mama. Watu wa ghorofani kwetu hawashuki kwa kila kitu. Muuza ndizi akipita, kapu huteremshwa kwa kamba na pesa ndani, likapanda na ndizi na chenji. Ilikuwa ni kawaida ya wazee na wajawazito. Sasa mama aliigeuza kuwa duka. Alisimama kwenye mlango wetu, amejifunga barakoa ya kitambaa aliyoishona kwa leso kuukuu, na makapu yakateremka kutoka kulia na kushoto kama mitego ya samaki. Shilingi zilitumwa kwa simu, maana tangu Machi kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure, hata shilingi 60 za mahamri hazikukatwa kitu. "Kapu halikohoi," mama alisema. Akarudi hadi kilo tano.

Lakini kuna kitu ambacho kapu halikuweza kukibeba, nacho ni hofu. Hatukuogopa ugonjwa peke yake. Tuliogopa karantini: kuchukuliwa kwa gari huku mtaa mzima unatazama, kukaa siku 14 mahali usipopajua, na watu walikuwa wamekwisha kusikia habari za waliotakiwa kulipia siku hizo kwa fedha zao. Tuliogopa kufa vibaya. Tuliona kwenye simu maiti zikizikwa na watu waliovaa nguo nyeupe za kuwafunika hadi machoni, bila msafara, bila ule umati wa janaza unaopokezana jeneza bega kwa bega. Kwa Mswahili, kuzikwa na watu wachache ni adhabu. Wapimaji walipokuja mtaani waliojitokeza walikuwa wachache, na mimi sikuwa miongoni mwao. Kuna aliyesema barazani kwamba asiyepimwa haumwi. Tulicheka, kisha tukaishi hivyo hivyo.

Na misikiti ilikuwa imefungwa. Sijui nimweleze vipi msomaji ambaye hajaishi Ramadhani ya Mji wa Kale maana ya jambo hili. Msikiti wa Mandhry umesimama pale tangu karne ya 16. Wazee wetu waliswali tarawehe wakati wa Wareno, wakati wa Mazrui, wakati wa Mwingereza. Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, ambaye anaishi ghorofa ya juu ya nyumba yetu, alikuwa na umri wa miaka 63 na hajawahi kukosa tarawehe msikitini isipokuwa kwa safari. Basi siku chache baada ya kufungiwa, wanaume wa nyumba tatu wakaanza kukutana kimya kimya kwenye chumba chake. Walikuwa kumi na wawili, siku nyingine kumi na wanne, mguu kwa mguu juu ya mikeka. Ili sauti ya kisomo isitoke nje ikasikiwa na askari wa kafyu, walifunga madirisha yote.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea maji. Nilipofungua mlango hewa ya chumba ilinipiga usoni, ya moto na nzito, imejaa pumzi za watu wanaosema amina kwa pamoja. Sikuona hatari yoyote. Wale walikuwa wetu. Hatari, kwa akili yangu, ilikuwa ng'ambo ya kichochoro, ndani ya sahani yenye ua la buluu.

Nimeirudia mara nyingi picha hii. Leo hata mtoto anajua yale ambayo wanasayansi walikuja kuyasisitiza kadiri miezi ilivyopita: kwamba njia kubwa ya ugonjwa huu ni hewa ya mahali palipofungwa na kusongamana, na kwamba chakula cha kupikwa hakikuwa chanzo cha kutisha. Lakini hata kwa elimu tuliyokuwa nayo siku zile, niliyoifundisha mwenyewe, nilikuwa na vya kutosha kujua lipi ni lipi. Woga ndio uliokuwa unachagua badala yangu. Na woga hauchagui kwa ushahidi, huchagua kwa ukaribu: walio wa damu yako ni wazima, walio nje ya mlango wako ni wagonjwa.

Siku mbili baada ya kumwaga tambi, kapu la Bi Mbele liliteremka, likavutwa hadi kwetu kwa kijiti. Ndani mlikuwa na pakiti ya tambi kavu, haijafunguliwa. Robo kilo ya sukari kwenye karatasi ya duka. Punje za iliki zimesokotwa ndani ya kipande cha gazeti. Na nazi nzima, haijavunjwa. Hapakuwa na sahani, hapakuwa na kawa. Akatokeza kichwa dirishani, barakoa imemfunika hadi chini ya macho, akasema, "Mwanangu, leo mtapika wenyewe." Nikadhani gesi imemwishia. Mama alizipika, nikazila, na zilinikwama kidogo kooni, kwa sababu nilijua sistahili.

Haukupita muda ami akaanza kukohoa.

Kwanza alisema ni vumbi. Kesho yake akalala mchana kutwa, mtu asiyelala mchana. Jioni mama alifukiza udi kama ilivyo ada ya siku ya Alhamisi, moshi ukajaa ngazi nzima, na ami akauliza kutoka kitandani, "Mbona leo hamfukizi?" Mimi na mama tukatazamana. Hakuna aliyesema neno. Tulijua maana yake, maana kupoteza harufu kulikuwa kumekwisha kutangazwa kila mahali, na tukaamua bila kuambiana kwamba hatujui.

Hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko ya pipa. Kwa siku nne tulificha. Waliokuja tarawehe tuliwaambia ami ana uchovu, basi wakahamia kuswali chumba cha chini yake, na mimi nikaendelea kuwapelekea maji. Tambi zisizo na ubaya nilizimwaga. Kikohozi chenye hatari nilikifunika kawa.

Aliyetutoa kwenye uongo ule ni Bi Mbele. Kikohozi hakijui pazia, na dirisha lake liko pale pale. Hakupiga kelele, hakumwambia mtu. Alinipigia simu, ingawa tungeweza kusemezana kwa mdomo. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Amiyo mpe chumba chake peke yake. Fungua dirisha la baharini lisifungwe usiku wala mchana. Anayempelekea chakula awe mmoja, avae barakoa, aweke mlangoni aondoke. Na wale wanaume waambie. Usiponena wewe, nitanena mimi." Nilitaka kumwuliza amejifunza wapi. Akanitangulia: mamake aliugua kifua kikuu, na katika nyumba yao dirisha halikufungwa mwaka mzima.

Niliwaambia. Nilisimama ngazini, nikawaambia wanaume kumi na wawili walionilea kwamba ami anaumwa tangu siku nne na kwamba mimi nilijua. Mmoja alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Wakatawanyika. Tangu usiku ule kila mtu aliswali na watu wa nyumba yake. Wawili kati yao waliumwa baadaye. Ami alitoka kitandani baada ya siku kumi na sita, amekonda, na hakuwahi kupimwa, hivyo jina la ugonjwa wake analijua Mungu. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini kutokufa kwao si sifa yangu.

Baada ya hapo mtaa ulianza kujipanga. Imamu na vijana wawili walichukua daftari la shule, moja katika yale niliyokuwa nimebaki nayo, wakaandika milango 38 ya vichochoro vyetu vitatu: nani ana kisukari, nani anaishi peke yake, nani mume wake amekwama nje ya vizuizi, nani ana mgonjwa ndani. Waliokuwa na uwezo walituma pesa kwa simu. Chakula kiligawiwa kikavu: unga, mchele, mafuta, sukari, tende, tambi. Kiliwekwa kizingitini, mlango ukagongwa mara mbili, aliyeleta akarudi nyuma hatua nne kabla haujafunguliwa. Niliandika daftari lile kwa mkono wangu, na ndipo nilipoona kwamba nyumba sita ndani ya hatua mia moja kutoka kwetu zilikuwa zikifuturu kwa chai ya rangi. Nilikuwa nimepita mbele ya milango ile maisha yangu yote.

Siku 15 zikaisha, zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Idi ikatukuta ndani. Watoto walivaa nguo za mwaka jana, wakasimama madirishani, wakapiga kelele za Idi kutoka upande mmoja wa kichochoro hadi mwingine, na makapu yakashuka na sarafu za kuwapa. Ami, akiwa bado hajapona, alikaa kwenye dirisha lake la baharini akapiga takbiri. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini mtaa mzima ulimwitikia.

Vizuizi vilipoondolewa nilikanda mahamri mwenyewe, nikayapanga kumi juu ya sahani yenye ua la buluu, nikavaa barakoa, nikavuka kichochoro. Sikupanda. Nilisimama chini ya kibaraza, yeye amekaa juu yake.

"Bi Mbele, nimekuja kukutaka radhi."

"Ya zile tambi?"

Sikuwa na la kusema.

"Paka wa mtaa huu hawana siri, mwanangu. Asubuhi yake nilimkuta mmoja hapa hapa kibarazani na gazeti lako, tambi zamning'inia masharubuni. Iliki yangu naijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilifikiri, huyu haogopi tambi, aogopa mikono yangu. Basi nikampa tambi zisizoguswa na mikono yangu."

Akachukua sahani, akalitazama pengo lake kama mtu anayemkagua mtoto aliyerudi safari, akafunua leso, akahesabu mahamri. "Kumi," akasema. "Umeongeza." Akaingia ndani.

Nimefikiri sana juu ya pakiti ile na nazi ile isiyovunjwa. Wakuu walituamuru tukae mbalimbali, na sisi tukagawanyika mafungu mawili: waliosema amri ni ya Mungu tu, wakajifungia chumbani kumi na wanne, na waliotii kwa kumwaga chakula cha majirani zao. Mwanamke mmoja asiyemaliza darasa la nne alipata njia ya tatu. Umbali aliuweka, tena mkubwa kuliko wangu, ujirani hakuukata. Alijua desturi ile kwa kina hata akajua kipi ndani yake kinaweza kubadilishwa bila kuivunja. Sahani si lazima iwe sahani. Kupika si lazima apike yeye. Kilicho lazima ni kwamba usiku usiingie jirani hajui kama jirani yake amefuturu.

Mimi nilikuwa na elimu ya sabuni na nikaitupa kwa woga. Yeye alikuwa na elimu ya watu, na akaitumia. Magonjwa yanataka elimu zote mbili, na anayeandika amri za kufungia mitaa angefanya vyema kwanza kwenda kukaa barazani saa moja, aulize nyumba hizi zinaishia wapi, maji yanatoka wapi, na nani ndani ya kichochoro anayeweza kusema akasikilizwa. Bi Mbele alikuwepo tangu mwanzo. Hakuna aliyemwuliza.

Misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai, iliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa muda usiozidi saa moja, na waliovuka miaka 58 wakaambiwa wasubiri. Ami alisubiri, dirisha wazi. Shule hazikurudi kwa watoto wote hadi Januari 2021. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo. Daftari la milango 38 ninalo bado, na kila mwezi wa Shaabani tunalifungua, tukafuta waliofariki na waliohama, tukaandika wapya.

Nawe msomaji, kama hujui nani anaishi peke yake katika kichochoro chako, usingoje tangazo la waziri. Nenda kabla ya magharibi, na usiende mikono mitupu.

Sahani ya ua la buluu iko kwetu wiki hii. Ilikuja juzi na mbaazi. Mama ameshaloweka hamira.